Kiuno cha Mama wa Watoto Wanne

Basi la Garissa lilikuwa limeshapita Mwingi Sagal alipofungua jalada lake la michoro. "Astaghfirullah!" alishtuka jirani yake, Ebla, ambaye tangu Nairobi alikuwa ameshamweleza kila mtu kwamba huosha maiti za wanawake. "Huyu ni binti wa nani, hata shuka hana?"

"Alikaa mbele ya darasa letu kwa hiari yake, eddo," Sagal alijibu, kwa heshima anayompa shangazi. "Ndio mchoro wangu bora. Leo namwonyesha mama, ajue ninasomea nini."

"Atakufukuza! Mimi hata maiti simvui shuka. Mkono unapita chini ya kitambaa, macho yanatazama pembeni."

"Basi mkono wako unaujua mwili kuliko macho yangu. Niambie nimekosea wapi."

Ebla alinyamaza hadi Bangale, jambo ambalo abiria wengine walilishukuru. Kisha akanyoosha kidole juu ya karatasi bila kuigusa. "Amezaa?"

"Wanne."

"Basi kiuno ni cha uongo. Hicho ni cha msichana."

Sagal alitazama, akaona ni kweli, akatoa penseli.

"Sijasema umchore tena! Nimesema umekosea."

"Nimesikia, eddo," alisema Sagal, huku akikinenepesha kiuno.

"Mama yako naye amezaa wangapi?"

"Saba."

"Basi angekiona kile cha kwanza, angecheka kabla ya kukasirika."

"Na akikiona hiki?"

Basi lilisimama kwenye daraja la kuingia Garissa, askari wakaagiza kila mtu ashuke na kitambulisho chake. Ebla alilifunga jalada juu ya mchoro, kama anavyofunika maiti, kisha akashuka.