Uweso Miraji na Moshi wa Gari la Mzee Mselem

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Juma hili Tanga imemzika Uweso Miraji wa Ngamiani. Alikuwa dereva. Nasema tena: alikuwa dereva, ingawa amekufa mkata katani. Leo sina maneno matamu sana, mtanisamehe.

Uweso aliendesha gari la Mzee Mselem, tajiri wa mbata. Lilikuwa gari la petroli, kuukuu, limekwenda Pangani na Moa mpaka mlango mmoja ukawa unafungwa kwa kamba. Uweso alilipenda hivyo hivyo. Mkewe, Mwanasiti, anasema kila asubuhi alikwenda kwanza kulisikiliza linavyonguruma, ndipo arudi kunywa chai. "Mimi nilikuwa mke wa pili," anasema, na hapo hucheka kidogo.

Mwaka hamsini na tatu gari likaanza kufuka moshi. Petroli iliyokuwa ikilifikisha Horohoro na kulirudisha, sasa iliishia njiani. Uweso akalichunguza. Moshi wa buluu, alijua, ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma, maji yameingia. Huu ulikuwa mweusi, na ulinuka petroli. Akatazama bomba la petroli, halivuji. Akatazama breki, hazing'ang'anii gurudumu. Akafungua plagi, akazikuta zimejaa masizi kama chini ya sufuria ya kuni. Basi akajua: gari linapewa petroli nyingi, hewa linanyimwa. Kilichobaki kilikuwa kufungua chujio la hewa.

Hapo Mselem akakataa. Fungua vyote, alisema, hicho usikiguse. Sababu hakutoa. Uweso akamweleza kwa adabu kwamba moshi ule ndio petroli yenyewe, inapotea bure. Mselem akasikia kwamba petroli inapotea, na masikio yake yakaishia hapo.

Ijumaa, baada ya sala, watu wakiwa wamejaa barazani, alimtaka ufunguo wa gari. "Petroli yangu unaiuza Moa," alimwambia. "Hakuna gari linalokunywa hivyo." Watu wakacheka. Jua halijatua, mtaa mzima ulishampa jina: Uweso Petroli. Hakuna tajiri aliyemkabidhi tena usukani. Dereva mzima akaenda kukata katani.

Gari likapata dereva mwingine, Methusela, mtu wa Muheza. Likaendelea kunywa vilevile. Methusela hakuomba ruhusa. Alifungua chujio la hewa, akakuta hirizi. Ndiyo, wasikilizaji, hirizi, imeviringishiwa vitambaa, imesokomezwa pale hewa inapopita. Mselem aliiweka mwenyewe kulikinga gari na husuda, na aliambiwa mkono wa mtu usiifikie. Methusela akaitoa. Moshi ukakatika siku hiyo hiyo.

Methusela ni muungwana. Alimfuata Uweso huko huko shambani, akamweleza. Uweso akaenda kwa Mselem na nguo zake za kazi, akamwamkia shikamoo kama kawaida. Mselem hakubisha. Alimwingiza ndani, akafunga mlango, akamwambia yaishe, arudi kazini, Methusela atatafutiwa pengine.

"Sikufuata usukani, mzee," Uweso akamjibu. "Nimefuata jina langu. Umelichukua barazani, nirudishie barazani."

Mselem akasema hilo haliwezi. Mtu mzima, mwenye heshima zake, aonekane ameliziba gari lake mwenyewe, kisha akamwita mwenzake mwizi? Watu watamcheka. Ehe, kicheko kilimtisha yeye, ila mwenzake alikuwa anaweza kukivaa kila siku. Uweso akaaga, akarudi kwenye katani. Tangu hapo, anasema Mwanasiti, gari likipita aligeuza uso.

Vumbi la katani likamwingia kifuani, na kifua ndicho kilichomwondoa. Kabla ya kuzikwa, kama ilivyo desturi, imamu aliwauliza waliohudhuria wanamshuhudiaje marehemu. Sauti ya kwanza ilitoka safu ya mbele, na ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa sauti ya Mzee Mselem.

"Mtu mwema," alisema. "Mwaminifu. Hakuniibia hata tone."

Mwanasiti alikuwa nyumbani na wanawake wenzake. Wifi yake, Semeni, aliyasikia maneno hayo kwa wanaume waliorudi kuzika, akamletea. Nilipokwenda kuhani msiba, Mwanasiti aliniambia, bila kunyanyua sauti: "Miaka yote hii anakaa mtaa wa pili. Akangoja mpaka mume wangu awe hasikii."

Sina la kuongeza hapo. Inauma, na iache iume.

Bi Mwanasiti, Bi Semeni na jamaa wote wa Ngamiani, poleni sana. Mola amrehemu Uweso Miraji, amlaze pema. Nawe unayenisikiliza, kama yupo mtu uliyemharibia jina, usisubiri imamu akuulize. Mwendee leo, angali hai. Na usimwingize ndani ukafunga mlango. Yaseme pale pale ulipomharibia, watu wale wale wakiwapo.