Zungu wa Vipimo na Sanduku la Pombe ya Mama

Bwana Mphikeleli Zungu, ambaye sote tunamwita Manzini kwa jina la sifa la ukoo wake, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya vipimo ya kiwanda chetu cha sukari. Ofisi ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu wa kompyuta. Nikakataa. Mimi Cele nimekaa na boila za kiwanda hiki tangu Manzini hajaota ndevu, na hakuna anayemjua kuliko mimi. Shule niliiachia darasa la pili kwa sababu ng'ombe walikuwa wananisubiri, lakini kalamu ninaishika, na asiyependa maneno yangu aandike yake.

Manzini aliingia hapa kufagia makapi ya miwa. Siku moja akamuuliza msimamizi kwa nini ile saa ya joto pale juu ya bomba inaonyesha namba ileile asubuhi, mchana na Jumapili. Msimamizi akaigonga saa, kioo kikaanguka, ndani mna nyigu. Wiki iliyofuata Manzini akahamishiwa karakana ya vipimo, na ufagio akapewa mwingine.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha saa zote za joto na presha zinasema kweli. Kazi yangu ilikuwa kumwambia zinadanganya. Tumebishana hivyo mpaka watu wakadhani tuna ugomvi wa mashamba. Anakuja na begi lake la vyuma, anapima, anasema, "Ndosi, saa iko sawa." Ndosi ndiyo sifa yetu akina Cele. Mimi namuuliza, "Na boila inasemaje?" Anasema, "Boila haina mdomo, baba." Namwambia, "Basi wewe huna masikio." Mara nyingi nilikuwa sahihi mimi. Na yeye atasema alikuwa sahihi yeye, lakini leo kalamu ninayo mimi.

Wageni wa hapa hawajui habari ya nyoka. Manzini alifungua kabati la umeme la mitambo ya kusaga akamkuta nyoka wa kijani, yule mwembamba, amejikunja juu ya nyaya. Mtu wa kwingine angetafuta fimbo, lakini kwetu nyoka huyo huwa mzee wa ukoo aliyefariki, amekuja kutembea. Manzini akavua kofia, akamsalimu, akazima mtambo mzima, akakaa chini kumsubiri atoke. Meneja akaita kwenye redio, "Zungu, kwa nini miwa imesimama?" Akajibu, "Kuna mgeni, bwana. Hajasema anaondoka lini." Nyoka akaondoka kwa wakati wake, mtambo ukawashwa, na mwaka ule hatukuharibikiwa na mashine hata moja. Meneja naye akajifunza kuuliza kwa adabu.

Sasa nije kwenye sanduku, maana watu wanalisimulia bila kulijua.

Mama yake Manzini, Gogo MaDube, maana kwetu bibi ni gogo, ndiye mpishi wa pombe wa nyumba ile tangu alipoolewa. Nasema pombe ya mtama, ile nzito inayonywewa kwenye chungu, siyo ya chupa. Mwaka juzi alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Uji wa pombe unataka mwiko mrefu na bega la mtu mzima, na Gogo bega hana tena. Mke wa Manzini ni mtu wa kanisa, hagusi pombe, hata mwiko wake hagusi. Alikuwapo MaNgema, mke wa mdogo wake Manzini, fundi wa pombe kweli, akasema kwa moyo safi, "Mama, niachie mimi. Wewe pumzika."

Gogo akamwambia, "Nitapumzika nikizikwa. Leo bado nasikia njaa."

Kwetu anayepika pombe ya sherehe ndiye anayezungumza na waliolala, wazee wetu waliotangulia, kwa niaba ya nyumba. Akinyang'anywa mwiko, hata akipewa kiti kizuri cha kukalia, ameshakuwa mgeni kwake. Manzini alilijua hilo. Ndipo akatengeneza sanduku. Alichukua chuma cha kuchemshia maji kutoka tangi bovu, mota ya wiper ya gari lililokufa akaifunga mwiko, kompyuta ndogo kama kiberiti, na waya wa kupimia joto wa aina tuliyo nayo kwenye boila. Vyote vilikuwa vimetupwa, na kibali alipewa, nisisikie maneno. Gogo anaamuru, sanduku linatii: linapika, linakoroga, linapoza, halafu linashika uvuguvugu ili chachu ifanye kazi yake. Majira yote ya joto tulikunywa pombe ya Gogo, na mkono ulikuwa uleule.

Baridi ilipoingia, pombe ikaanza kufa. Ilikuwa imekaribia sherehe ya kukua kwa Sinegugu, binti yake Manzini, na ndugu walikuwa wamealikwa kutoka Nongoma mpaka Durban. Pombe ya kwanza ya majaribio ikatoka tamu, imetulia kama uji wa mgonjwa, bila povu. Ya pili vilevile. Gogo akasema, "Waliolala wameukataa mkono wangu." Akasema ya tatu ikifa, kichujio chake cha nyasi cha kuchujia pombe anampa MaNgema na hatadai kitu tena. Akaingia ndani akafunga mlango.

Manzini alikonda wiki ile. Kwanza akashuku mgao wa umeme, akafunga betri ya gari. Mimi nikamwambia ni kimea, akabadilisha kimea. Akalileta sanduku karakana, akautia waya wake kwenye maji ya moto, akalinganisha na kipimo chetu kizuri. Sawasawa. Akanifuata kwenye boila uso umemshuka.

"Ndosi, sanduku ni zima. Mezani halikosei."

"Meza haipiki pombe," nikamwambia. "Nipeleke kwenu."

Hapa namwomba atakayesoma kwa sauti siku ya sherehe ya kumuaga Manzini aruke mpaka pale penye habari ya binti, maana Gogo atakuwa amekaa mstari wa mbele na masikio yake hayajapata kiharusi.

Tulifika Jumamosi mchana. Pombe ya tatu ipo ndani ya pipa, sanduku kando yake, namba yake inasema nyuzi thelathini, nikachovya kidole, thelathini kweli. Kidole changu hakihitaji karakana. Jua likaanza kushuka na ubaridi ukaja. Gogo akatoka na blanketi, akalifunika pipa kwa mkono wa kushoto, kama kila mpishi anavyofanya wakati wa baridi. Halafu akarudi ndani, akaja na blanketi la pili, akalifunga sanduku vizuri mpaka shingoni.

"Nalo linafanya kazi," akasema. "Litaugua."

Akaenda zake. Sisi tukanywa chai. Mikono yangu ikawa inauma kwa baridi, nikaiingiza chini ya lile blanketi kuiba joto. Nikaitoa.

"Manzini, sanduku lako lina homa."

"Lina mota na vitu ndani, baba, lazima lipate joto kidogo."

Nikafunua pipa, nikachovya kidole, nikakitoa mbio. Namba bado inasema thelathini. "Thelathini gani hii?" nikamuuliza. "Hapa kuku angenyonyoka manyoya."

Manzini akalishika sanduku chini ya blanketi. Halafu akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Ule waya haujui joto lenyewe. Unajua tofauti tu, kati ya ncha iliyo ndani ya pombe na mahali ulipofungwa ndani ya sanduku. Manzini alikuwa amelifundisha sanduku kwamba lenyewe siku zote lina ubaridi wa karakana. Likifunikwa blanketi linapata homa, tofauti inapungua, linadhani pombe imepoa, linazidi kuchochea moto, na chachu inapikwa ikiwa hai. Asubuhi Gogo anafunua kabla Manzini hajarudi kutoka zamu, kila kitu kinapoa, na namba inasema kweli tena.

Nikamwambia, "Rahisi. Mwambie mama asilifunike."

"Nimwambie kwamba yeye ndiye aliyeua pombe?"

"Sasa utafanyaje?"

"Sanduku nililitengeneza mimi, Ndosi. Mama sikumtengeneza."

Akafungua sanduku palepale, akatia ndani kipimo kingine kidogo ili lijue homa yake lenyewe na liihesabu. Pombe iliyokuwa pipani akaiacha ipoe, akaitia kimea kipya chenye chachu. Halafu akalifunika tena, blanketi lilelile, mpaka shingoni. Gogo hakuambiwa neno. Nimefanya kazi na mafundi wengi, wengine wamekufa na majivuno yao, lakini fundi aliyekosea kidogo hivyo na kurekebisha vizuri hivyo sijamwona, na mimi nimeona wengi.

Siku ya binti, pombe ya tatu ilikuwa inachemka povu lake, ukiweka sikio kwenye pipa unasikia kama mvua inatembea juu ya nyasi. Gogo alipiga funda la kwanza mbele ya watu, kama anavyotakiwa mpishi, akatulia, akameza, akapitisha chungu kwa wazee. MaNgema akapiga magoti mbele yake.

"Mama, siri ni nini? Yangu wakati wa baridi inalala."

"Blanketi," Gogo akasema. "Funika kila kitu, mwanangu. Hata kile usichokielewa."

Manzini aliniangalia. Mimi niliangalia ndani ya chungu.

Kiwanda kilimwomba Manzini abaki miaka miwili zaidi kwa mkataba. Amekataa, na wengi wameuliza kwa nini. Ni kwamba Gogo MaDube ameshapokea maombi ya pombe ya harusi mbili na sherehe za majirani mpaka katikati ya mwaka ujao, na anasema sanduku linakoroga vizuri lakini halibebi maji wala magunia ya kimea, na halijui kukaa na mtu uji ukipoa. Anahitaji kijana mwenye nguvu. Manzini ndiye aliyepata nafasi. Anaanza Jumatatu, na mwajiri huyo mpya hana likizo.

Asante, Manzini, kwa saa zote ulizozifundisha kusema kweli, na kwa ile moja ya boila namba tatu ambayo mpaka leo nasema inadanganya. Nenda salama nyumbani. Wafanyakazi wote tunakuombea siku nyingi na njema chini ya amri ya mama yako.

Mzee Cele, wa boila