Odongo, Aliyewapelekea Kambale Habari

Ndugu waombolezaji, wachungaji, majirani wa Kiseke mliosafiri na msiba huu hadi Sota, na ninyi wenzetu mnaonyoosha shingo kuangalia sufuria zimefikia wapi: mnatangaziwa rasmi kwamba huyu aliyelala mbele yenu, Obedi Odongo Ogweno, ndiye mwanadamu wa kwanza kando ya ziwa hili kugundua kwamba samaki wadogo hupashana habari za hofu kwa njia ya maji, bila mdomo, bila simu na bila kikao cha ukoo. Simameni kidogo. Haya, kaeni.

Marehemu alizaliwa hapa Sota, Shirati, tarehe 14 Machi 1958, akiwa pacha wa pili. Dada yake Apiyo alimtangulia kwa muda wa birika moja kuchemka, na hakuwahi kumwacha asahau. Mama yao, Akelo, alikuwa akisimulia kwamba walipokuwa tumboni mmoja akishtuka, wa pili naye anarusha teke, na yeye aliyewabeba hajasikia kishindo chochote. Kwa hiyo hata maji ya kwanza aliyoishi Odongo yalikuwa ya watu wawili.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Akiwa darasa la tatu alimponda sisimizi mmoja juu ya dawati kwa ncha ya penseli, kisha akainama kutazama. Sisimizi wa karibu walichanganyikiwa, wakakimbia huku na huku. Baadaye kidogo wale wa mbali, ambao hawakuona lolote, nao wakaanza.

"Odongo, unafanya nini?"

"Nasoma, Mwalimu."

"Unasoma nini?"

"Sisimizi, Mwalimu. Wamenusa msiba."

Alipata viboko vitatu. Alikumbuka hadi uzeeni kwamba darasa zima lilijikunyata kabla fimbo haijashuka. Baada ya hapo alisoma sekondari Musoma, ambako hesabu zilimkataa naye hakuzibembeleza, na mwaka 1980 akapata cheti cha uvuvi jijini Mwanza.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki, ufukweni Pasiansi, na hapo alidumu miaka thelathini na saba. Kazi yake ilikuwa kulea kambale wadogo kama nyuzi kwenye matangi tisa, chini ya turubai la bluu. Mchana jua likipita kwenye turubai lile, kila kitu kiligeuka ziwa: matangi, kuta, na Odongo mwenyewe aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hajui tena yeye anaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Wenzake walisema amelala. Huenda alikuwa amelala. Lakini alikuwa anaona.

Tarehe 24 Agosti 1985 alifunga ndoa na Getruda Kashindye, aliyekuwa amemaliza chuo cha ualimu Butimba. Siku ya posa, kaka yake Getruda alinusa hewa, akauliza kwa sauti, "Dada, unaolewa au unaletewa kitoweo?" Getruda akajibu, "Vyote viwili." Mungu aliwajalia watoto watatu, na nyumba yao ya Kiseke haikukosa harufu ile ya samaki hata siku moja.

Sasa tufike kwenye ugunduzi wenyewe, maana ulikaribia kumfukuzisha kazi. Mwezi Juni 2003 vifaranga viliacha kula. Vililala chini kama majani yaliyozama, na kila asubuhi vingine vilikutwa vimekufa. Ajabu ni kwamba tangi la tisa, ambalo halikuguswa na mtu, ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Meneja wa kituo, Bwana Machibya, alikuja na barua ya kumsimamisha kazi mfukoni.

"Odongo, samaki wako wamegoma?"

"Hawajagoma, bosi. Wamepata habari."

"Habari gani? Nani kawapelekea?"

"Mimi."

Kisha akaeleza. Kambale wakubwa huwala wadogo, hivyo kila asubuhi aliwachambua kwa kiwavu cha mkono, tangi la kwanza hadi la nane. Kiwavu kinachubua ngozi. Akimaliza, ili asitembee hadi bombani, alikisuuza kwenye tangi la tisa. Miezi mitatu mfululizo alikuwa akiwamiminia wale wa mwisho vilio vya wenzao wote, na jioni anakaa kwenye ndoo kuwaonea huruma.

Machibya alicheka mpaka akashika ukuta, lakini wiki ile walikuwapo wataalamu watatu kutoka chuo kikuu, wakasema ajaribu mbele yao. Odongo alichota kikombe cha maji kwenye tangi alilotoka kulichambua, akakimimina taratibu kwenye tangi la samaki waliotulia. Haikupita hata dakika, wote walizama na kujikusanya pembeni, bonge moja jeusi. Kwenye tangi jingine akamimina kikombe cha maji ya bomba. Hakuna aliyejali.

"Hili linajulikana zamani, mzee," mtaalamu mmoja akasema. "Ikichubuka, ngozi ya samaki inatoa kemikali. Limo vitabuni."

"Shikamoo vitabu," Odongo akajibu.

Barua ilichanwa. Kuanzia hapo kila tangi lilipata kiwavu chake, na Getruda ndiye aliyeshona nyuzi za rangi kwenye mipini ili visichanganywe. Marehemu alistaafu mwaka 2018.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 alianza kukonda. Daktari alimwambia binti yake mkubwa, Rebeka, kwenye korido, kwamba ni saratani ya ini. Rebeka hakumwambia mtu. Alirudi Kiseke, akapika chai nzuri kabisa, akampa mama yake, akampa mdogo wake Winnie, na kufikia jioni nyumba nzima ilikuwa imejikusanya jikoni bila kujua kwa nini. Marehemu aliwatazama kupitia mlangoni.

"Haya," akasema, "nani kaosha kiwavu humu?"

Tangu siku ile aliweka sheria. Beseni, sabuni na jagi mlangoni pa chumba chake. Anayeingia anawe mikono na uso, maji yamwagwe nje, yasitumiwe na mtu wa pili. Hakutaka hofu ya mmoja impate mwingine. Zaidi ya yote hakutaka yake impate Getruda, kwa hiyo alimwomba alale chumba cha pili. Watu walinawa. Mchungaji alinawa. Apiyo alinawa huku akitukana. Getruda alinawa miezi mitano, na kila alipotoka alionekana mdogo zaidi, kama mtu anayeagwa kidogo kidogo kwa sabuni.

Alasiri moja ya Julai alilibeba beseni, akaenda kulimwaga kwenye michicha, akarudi na mikono mikavu.

"Mama Rebeka, hujanawa."

"Sijanawa."

"Utaniletea hofu."

"Nakuletea. Nijibu kitu, wewe mtaalamu. Wale kambale wako wakishaambiana, wanafanyaje?"

"Wanashuka chini."

"Kila mmoja na kona yake?"

Miaka ishirini na miwili marehemu alikuwa amezuia habari ile isifike, na hakuwahi kujiuliza inapelekwa kwa nini.

"Hapana," akasema. "Wanasogeleana."

"Basi sogea."

Akasogea. Kitanda kilikuwa chembamba. Getruda akamuuliza kama anaogopa, akasema anaogopa, na Getruda akasema yeye pia. Wakalala mpaka taa za jirani zikawashwa, usingizi ambao nyumba ile haikuuona tangu Februari.

Alifariki Alhamisi, tarehe 21 Agosti 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku tatu kabla ya kutimiza miaka arobaini ya ndoa. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Getruda, ambao kwa maelezo ya mwenyewe haukuoshwa tangu Julai. Watoto wanasema mama yao aliosha vyombo.

Ameacha mjane, Getruda. Pacha wake Apiyo, ambaye asubuhi hiyo aliamka hapa Sota ameshika tumbo kabla simu haijalia. Watoto Rebeka, Ngosha na Winnie. Wajukuu Favour na Princess. Na matangi tisa, kila moja na kiwavu chake. Mungu amlaze pahali palipotulia, asiwepo wa kusuuza kitu.

Wiki moja kabla hajafariki, Rebeka alimsomea ufunguzi wa wasifu huu, kuanzia wachungaji hadi kwenye sufuria. Alipofika pale pa "mwanadamu wa kwanza kando ya ziwa hili kugundua" alitua, akamwangalia.

"Baba, iko sawa?"

Mzee akageuza macho dirishani.

"Samaki walikuwa wanajua," akasema.