Gari Lililokataa Kwenda Mbele

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mnene uliokataliwa na mteja kwa kuwa na kovu, naye seremala akauweka juu ya matofali mbele ya karakana yake, watu wakaukalia hadi ukang'aa kuliko samani zote alizopata kuuza. Ng'ambo ya kibarabara ulikuwa ua wa Breki, dereva mstaafu wa idara ya maji, na katika ua huo, kwa miaka mitatu, lilikaa gari. Lilikuwa gari la kazi la zamani, lile la kupanda milima, lenye mabega ya mraba na macho mawili ya duara. Breki aliliendesha miaka ishirini, akaliomboleza lilipokufa injini, akalikokota nyumbani lilipotupwa. Alilikwangua kutu, akalipaka rangi ya kijani, na mahali pa injini iliyopasuka akatia injini ya dizeli iliyokuwa ikizungusha mashine ya kusagia nafaka. Alasiri hiyo ndiyo iliyokuwa ya hukumu. Mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alikuwa ameketi mlangoni juu ya begi lake. Miaka yote mitatu aliahidiwa kupelekwa kwa dada yake, huko juu mlimani, kwa gari hilo hilo. "Likienda leo, tunakwenda," alikuwa amesema asubuhi. "Lisipokwenda, kesho namwita mnunuzi wa vyuma chakavu, na pale lilipokaa naweka meza yangu ya kukatia."

Wanakijiwe walilisukuma hadi barabarani. Injini iliwaka mara moja, watu wazima wakakumbatiana. Breki akatia gia ya kwanza, akaachia klachi kwa adabu, na gari likarudi nyuma hadi makalio yake yakazama katika rundo la maranda kando ya benchi. Akatia rivasi, likaenda mbele. Akajaribu ya pili, ya tatu, ya nne: zote nyuma. Akazima, akashuka, akaketi. Muuza kahawa wa kijiwe alimpa kikombe.

— Usijali, mzee mwenzangu, alisema Sindano, ambaye maisha yake yote alikuwa mfunga vidonda zahanati. Hii naijua. Mwili umekataa kiungo kigeni.

— Mwili gani?

— Wa gari! Umelipandikizia moyo wa mashine ya kusaga. Lazima lishtuke. Mpe mgonjwa siku tatu, uji mwepesi.

— Sina siku tatu, alisema Breki, akitazama mlangoni kwake. Nina hadi jua lile lishuke.

Seremala, aliyeitwa Profesa kwa kuwa husoma hata gazeti lililofungia misumari, alikohoa ili asikilizwe.

— Sindano, wewe kaa na bandeji zako. Hapa pana sayansi. Hiyo injini kule kwenye mashine ilikaa ikitazama wapi?

— Ukutani, alijibu Breki.

— Umeona! Miaka yote inatazama ukuta. Iende mbele, ijipige uso? Imejifunza kujihami. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Sasa hiyo inaingiaje?

— Inaingia hivi: gari likitembea lenyewe, ujue lina kasoro.

— Gari lisilotembea je?

— Hilo ni jema, ila halina faida.

Muuza kahawa aliweka birika chini. Mtu huyu alikuwa hasemi ila akiwa na hakika, na hakika yake ndiyo iliyokuwa ikiogopwa.

— Nyie wote mnapiga mbio pembeni. Idara ya maji iko upande gani?

Wakageuka. Ilikuwa nyuma ya gari, sawasawa kabisa.

— Basi. Miaka ishirini kazini! Limeamka, likajua limechelewa, linarudi kuripoti.

Kicheko kilimwaga kahawa ya Sindano, lakini hakuna aliyethubutu kusema si kweli. Walisimama kama watu walioitwa na kengele, wakalisukuma gari, wakalizungusha hadi pua yake ikaelekea idara ya maji. Breki akapanda. Akatia ya kwanza. Gari likarudi nyuma, likiikimbia idara kwa furaha yote.

— Limestaafu! alipiga kelele muuza kahawa. Limekumbuka kwamba limestaafu!

— Mimi nasema tia nguvu magurudumu yote manne, alisema Sindano, ili yashauriane.

— Thubutu! Profesa alimdaka. Ya mbele yaende yanakotaka na ya nyuma yanakotaka? Gari litapeana talaka katikati!

— Au ni wakati unaorudi, wala si gari, alisema Sindano. Mwacheni aendelee kukanyaga, labda tukifika pale kwa kinyozi tutakuwa na meno yetu yote.

Hata Breki alicheka, akajifuta macho, kisha akakumbuka begi la mkewe na kicheko kikamkauka. Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja asiyejulikana kijiweni, aliyekuja kuchukua gauni lake.

— Shikamooni, wazee wangu. Mama Pindo nimemkuta?

— Marahaba. Yule pale mlangoni, mwanangu, alisema Sindano, ila leo mkaribie kwa tahadhari.

Mgeni hakuondoka. Alikuwa ameinama, akichungulia chini ya gari.

— Hili bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma ni nini?

— Ni difu hilo, Profesa alijibu kwa heshima aliyojipa mwenyewe. Linapokea nguvu ya injini na kuyagawia magurudumu.

— Aha. Na mbona maandishi yake yako kichwa chini?

Breki alipiga magoti katika vumbi, akainamisha shingo hadi shavu likagusa ardhi, na ndipo zile herufi za chuma zikasomeka vizuri. Walilifungua difu mwezi uliopita, wakalisafisha, na kwa desturi yao kwamba hapana mtu wa kutazama tu, kila mmoja alikaza bolti mbili akampisha mwenzake. Nani aliyesema juu ni huku? Kila mtu alimtazama wa kushoto kwake.

— Tumelifunga juu chini, ndiyo maana linazungusha magurudumu kinyume. Kulipindua upya ni kazi ya siku mbili, Breki alisema polepole, na alipoinuka alimkuta mkewe amesimama mbele yake, begi mkononi. Alikuwa amesikia yote.

— Hiyo rivasi ndiyo inayokwenda mbele?

— Ndiyo.

— Inapanda mlima?

— Mke wangu, ile ina nguvu kuliko zote. Itapanda hata ukuta. Lakini ni mwendo wa jongoo.

— Miaka mitatu nimekwenda mwendo wa begi. Fungua mlango.

Waliondoka taratibu, injini ikinguruma kama inayosaga magunia mia, wanakijiwe wakitembea ubavuni bila hata kuharakisha, na muuza kahawa akimmiminia dereva dirishani. Walipofika mwisho wa mtaa Profesa hakuweza kuvumilia.

— Na kurudi je, shemeji?

Mama Pindo alitoa kichwa nje, kilemba kikipepea kidogo sana kwa kasi ile.

— Kurudi tuna gia nne!