Ua Lililokosa Jina

Husna alikuwa akishuka Mombo kwa basi, amekaa nyuma ya walimu wawili wa chuo waliokuwa wakibishana kwa furaha. Dakta Eliza, mtaalamu wa mimea, alikuwa amepata katika msitu wa Kwai ua ambalo wataalamu hawajalipa jina.

"Tuliite kwa jina la mlima," alisema.

"Bibi Saumu ndiye aliyetufikisha pale," akajibu Dakta Nassoro, anayetafiti mila za Washambaa. "Liitwe kwa jina lake."

"Nilimwomba, kaka. Akacheka, akasema wajukuu wenye jina lake wanamtosha."

"Hiyo ni adabu tu, dada. Wazee wa kwetu hukataa kwanza."

"Na akikataa tena?"

Basi likasimama Mombo kabla Nassoro hajajibu. Husna aliteremka akitabasamu, akimkumbuka mama yake, ambaye hukataa kila kitenge mara mbili, kisha hukivaa mpaka kipauke.