Bi Kontua na Siku ya Uwandani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Jiografia, mhadhiri wetu mwandamizi anastaafu. Wanafunzi walimbatiza Bi Kontua, kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ubao bila kuchora mistari ya mwinuko, chaki ikimpanda mpaka kwenye nyusi.

Alianza akiwa mkufunzi msaidizi katika chumba cha ramani, kule chini ambako feni ilizunguka pale tu ilipopenda yenyewe. Wengi wetu tulifundishwa naye humo. Aliyepewa alama mbovu alinuna, lakini kabla wiki haijaisha alikuwa amerudi, maana Bi Kontua alikuwa na birika la chai na hakuwa mchoyo. Siku zile zilikuwa tamu, na tunazikumbuka kwa uchungu kidogo.

Kisha yakaja mapitio ya mtaala wa shahada, naye akiwa mwenyekiti. Wakubwa walitaka mafunzo ya uwandani yaondolewe. Kompyuta, tuliambiwa, inaonyesha kila kitu. Kamati ilikuwa tayari kuinua mikono ikapate chakula cha mchana. Yeye akaahirisha kura, akatupakia wote kwenye basi la chuo na kutushusha nje ya mji, kila mtu na ramani yake, simu zikibaki kwa dereva.

Tulipotea vizuri sana. Watu wenye shahada za uzamivu tulizunguka kiwanda kilekile cha matofali mpaka mlinzi akaanza kututilia shaka, na hakuna aliyemuuliza njia, kwani mwanajiografia aulize njia kwa uso gani? Mwenyekiti alitukuta tukigombania kaskazini iko wapi. Hakucheka, au alicheka moyoni. Alifungua kikao palepale kwenye nyasi, na mafunzo ya uwandani yakapita bila kupingwa, tena kuanzia mwaka wa kwanza wa masomo.

Alikuwa na hamu moja tu: kuwapeleka uwandani yeye mwenyewe wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo mpya. Seneti ya chuo ikaurudisha mtaala kwa ajili ya vichwa vya sura, ikaurudisha tena kwa ajili ya nukta. Idhini imetoka mwezi Mei, na darasa linaanza Septemba. Tuliomba aongezewe muhula mmoja, tukakataliwa kwa heshima zote.

Alipopata habari hiyo alichukua kifutio, akafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Kisha akasema, "Si kitu. Wapelekeni asubuhi, kabla jua halijawa kali."

Tutawapeleka, Mwalimu. Asante kwa chai, kwa ukali na kwa subira. Ustaafu wako uwe wa afya tele, usingizi wa asubuhi na wajukuu wasiokuchosha sana. Inatuuma kwamba wanafunzi hao hawatakujua. Tukishuka kwenye basi, kabla ya kuwagawia ramani, tutawaambia ni nani aliyeipigania siku hiyo ya uwandani kwa ajili yao.