Aya Aliyoitoa Wifi

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa kwanza wa mama yetu, na tangu siku hiyo hakuwahi kukosea. Muulizeni yeyote hapa. Mimi ndiye dada yake anayemfuata, fundi cherehani, na nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu wengine wote wanalia.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akafaulu, akaenda chuo cha matabibu. Likizo alishona mipira ya matambara kwa uzi wangu bila kuomba, na kusema kweli mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mwaka 1976 aliajiriwa katika zahanati ya mtaani kwetu. Watu walimwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa akikufunga kidonda, baadaye unabaki kulitafuta kovu. Mwaka 1980 alimwoa wifi yangu, muuguzi wa hapo hapo, aliyemwamini kwa kila jambo.

Aya inayofuata haimo kwenye karatasi mlizoshika. Wifi aliitoa. Naisoma hivyo hivyo.

Tarehe 2 Februari 1988 kioo cha dirisha kilinikata mkono, kati ya kiwiko na kiganja. Nilikimbilia kwa kaka. Alisafisha, akashona, akapendezwa na kazi yake. Nikamwambia kidole cha kati na cha pete havikunjiki. Akasema, "Ni ganzi hiyo. Acha kudeka." Wiki zikapita, vidole vimenyooka kama misumari. Daktari wa upasuaji wa hospitali kubwa ndiye aliyenieleza: misuli inayokunja vidole iko huku juu, kwenye mkono, nayo huvivuta kwa kano, kamba ngumu zilizo chini ya ngozi. Kano ikikatika, ncha yake hurudi juu na kujificha ndani ya nyama, na ikicheleweshwa kuunganishwa hunywea, basi tena. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa akunje kidole kimoja kimoja kabla sindano haijashikwa. Hata mwanafunzi wangu anajua hufungi koti kabla ya kutazama bitana ya ndani.

Kaka hakuomba radhi. Alisema kilichonikata ni kioo, si yeye. Tukaishi mtaa mmoja tukisalimiana kwa kikohozi. Lakini wagonjwa walianza kulalamika kwamba Mkono Mwepesi amekuwa msumbufu: mtu anavuja damu, yeye kamshika vidole, kunja hiki, sasa hiki. Wengi aliwakimbiza hospitali mapema, na leo wanashika majembe. Niliyasikia hayo kwa wateja wangu, yakaniuma zaidi. Wote waliulizwa, isipokuwa mimi.

Mwaka jana figo zilimlaza. Nilimpelekea chai kila asubuhi, maneno sikumpelekea. Siku moja wifi alipotoka, kaka akanishika mkono. "Kunja hiki," akasema, nikakunja cha shahada. Alipofika cha kati alikishikilia.

"Ningekuuliza tu," akasema.

"Ndiyo, kaka. Ungeniuliza tu."

Nilikuwa na mengine mengi ya kumwambia, nikayaweka ya kesho. Alifariki alfajiri, tarehe 11 Septemba.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, mimi, na vidole vyangu viwili. Apumzike. Hayo ya "kwa amani" tutayamaliza mimi na yeye, tukikutana.